Kuwasikiliza na Kuwatazama Ndege Wahamaji Kwenye Vilima vya Ngong: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, watu wengi wanaopanda vilima vya Ngong hupita chini ya ndege waliotoka Urusi, Kazakhstan na Ulaya bila kujua kwamba ndege hao wapo. Kosa si lao. Wengi wa ndege hao hupita juu sana, huonekana kama punje za vumbi mbele ya wingu, na anayewatafuta kwa macho peke yake huchoka mapema, akashuka akiamini kwamba hapakuwa na kitu. Nimekaa kwenye mgongo wa vilima hivi kwa misimu kadhaa, na nilichojifunza huko ni kwamba sikio hutangulia, jicho hufuata, na kalamu haina budi kuandika hata siku ambayo sikio na jicho vyote vimetoka mikono mitupu. Hatua zilizomo humu zinafuata utaratibu huo, na ingawa mifano yangu ni ya Ngong, mtu mwenye kilima chake Iringa, Lushoto au Taita anaweza kuzitumia bila kubadilisha mengi.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu, kisha chagua siku

Mabaharia wa pwani walijua tangu zamani kwamba kaskazi huyaleta majahazi kutoka Uarabuni na kusi huyarudisha. Ndege wahamaji nao hunufaika na pepo hizo hizo: wanashuka kuelekea kusini mwa Afrika wakati kaskazi inapoanza kushika, na wanarejea kaskazini mwezi wa Machi na Aprili, kusi inapokaribia. Mbayuwayu wa Ulaya wa kwanza huonekana mapema, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Keremkerem wa Ulaya, ndege mla nyuki, huanza kupita mwishoni mwa Septemba. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya ndege wa kuwinda, yaani tai, shakivale na kozi, na kama una nafasi ya kwenda kilimani mara nne tu kwa mwaka, zitumie tatu katika miezi hiyo miwili na ya nne uiweke mwanzoni mwa Aprili.

Baada ya msimu huja siku. Siku ninayoipenda ni ile inayofuata usiku wa mvua, asubuhi yenye mawingu yaliyotawanyika na upepo wa wastani kutoka mashariki. Mvua za vuli huwatoa kumbikumbi ardhini, na kumbikumbi huwashusha ndege ambao vinginevyo wangepita juu bila kusimama. Tai wa nyika, pamoja na ukubwa wake wote, hutembea chini akiokota kumbikumbi kama kuku. Anga ya buluu isiyo na wingu hata moja huwapendeza wapiga picha, lakini kwa kazi hii ni mbaya kupita ukungu mwepesi, kwa kuwa jicho halina pa kushikilia na ndege aliye juu humezwa kabisa na ule weupe wa mwanga.

Hatua ya pili: Chagua pa kukaa

Vilima vya Ngong vimelala kutoka kaskazini kwenda kusini kama ukuta, kilele kirefu kikiwa na mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki kuna Nairobi; upande wa magharibi ardhi inaanguka ghafla hadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Umbo hilo ndilo linaloeleza kila kitu. Upepo wa mashariki ukigonga mteremko hulazimika kupanda, na ndege mwenye mabawa mapana huutumia upepo huo unaopanda ili aende mbali bila kupiga bawa. Kuanzia saa tatu asubuhi, jua linapoipasha moto sakafu ya Bonde, nguzo za hewa ya joto huanza kupanda kutoka upande wa magharibi pia. Tai na shakivale huingia katika nguzo hizo, huzunguka hadi juu kabisa, kisha huteleza kuelekea kusini wakitafuta nguzo nyingine. Ndiyo maana wengi wao huikwepa bahari, ambako hewa ya namna hiyo ni haba, wakavuka kupitia Suez au mlango-bahari wa Bab-el-Mandeb, halafu wakateremka juu ya nchi kavu hadi kwetu.

Usikae kileleni. Kileleni kuna upepo masikioni na watu wengi. Mimi hukaa kwenye shingo, yaani pale mgongo unaposhuka baina ya vilele viwili, hatua kumi au kumi na tano chini ya ukingo, upande usiopigwa na upepo. Ndege wasiotaka kupoteza nguvu huvuka mgongo kwenye shingo hizo, nawe uliyekaa chini kidogo unasikia vizuri zaidi. Sehemu ya kaskazini, karibu na lango la upande wa mji wa Ngong, ina mitambo ya upepo ya kufua umeme. Mvumo wake hauumizi, lakini huzifunika sauti nyembamba, kwa hiyo tembea kuelekea kusini hadi mvumo huo upotee ndipo ufungue kiti chako.

Asubuhi tazama magharibi ili jua liwe mgongoni mwako. Alasiri geuka. Maagizo haya ni mepesi kiasi kwamba watu huyapuuza, kisha hulalamika kwamba kila ndege waliyemwona alikuwa mweusi.

Ulizia langoni kuhusu ada na kuhusu askari wa kukusindikiza, na usiende peke yako kwenye vilele vya kusini.

Hatua ya tatu: Vifaa, kwa ufupi

Darubini ya kukuza mara nane yenye lenzi ya milimita 42 inatosha kabisa. Ile ya kukuza mara kumi au kumi na mbili huvutia dukani, lakini kwenye upepo wa Ngong mkono hutetemeka na picha hutetemeka nao. Beba daftari lenye jalada gumu, penseli mbili (kalamu ya wino hukataa kuandika kwenye karatasi yenye umande), sweta, koti la mvua, kofia yenye ukingo, maji na kitu cha kukalia. Simu itakusaidia kurekodi sauti; izime milio yote mingine.

Hatua ya nne: Sikiliza kabla ya kutazama

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa maana hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Fika mahali pako saa kumi na mbili alfajiri, au mapema kadiri lango linavyoruhusu. Kaa, weka darubini chini, funga macho kwa dakika kumi. Katika dakika hizo usijaribu kumtambua ndege yeyote. Kazi yako ni kuzipanga sauti kwa mahali zinakotoka. Zilizo chini, kwenye vichaka vya leleshwa na kwenye migunga, ziweke upande mmoja. Zilizo mbele yako kwenye nyasi, upande mwingine. Zinazotoka juu, hata kama ni moja tu na imepita kwa sekunde mbili, ndizo unazozitafuta. Ukiweka viganja nyuma ya masikio kama mtu mwenye uzito wa kusikia, utashangaa jinsi sauti ya juu inavyokaribia.

Mgeni hatambuliki kwa mtu asiyewajua wenyeji. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza zitumie kujifunza sauti za wakazi wa kilima: shore anayepiga domo vichakani tangu alfajiri, njiwa, kunguru, na shakivale mkazi wa tumbo jeupe na mkia mfupi wa rangi ya kutu, ambaye hulia kwa sauti kali ya kukwaruza anapozunguka juu ya mteremko wake. Ukishawajua hawa, sauti ngeni itakugonga yenyewe, kama vile mgeni anavyojulikana kwa hodi yake.

Sauti ya kwanza kujifunza ni ya keremkerem wa Ulaya. Yeye huruka mchana kwa makundi, tena juu sana, na kundi zima huitana mfululizo kwa sauti laini yenye mviringo, kama filimbi ndogo iliyotiwa tone la maji: pruu, pruu, pruu. Mara ya kwanza nilipoisikia niliamini kwamba ni mvulana aliyekuwa akichunga mbuzi bondeni, nikaendelea kunywa chai. Sauti ilipofika juu ya kichwa changu ndipo nilipoinua macho, nikawakuta wameshavuka, arobaini au hamsini, mabawa yamechongoka, wakielekea kusini. Tangu siku hiyo nikiisikia pruu ya kwanza husimama, hugeukia inakotoka, na husubiri nusu dakika kabla ya kuinua darubini, kwa sababu sauti hufika mbele ya ndege.

Sauti ya pili ni ndogo zaidi. Vichakani, hasa kwenye migunga iliyochanua, utasikia huu-iit fupi inayopanda mwishoni, kana kwamba mtu anauliza swali. Huyo ni kucha wa msituni wa Ulaya, ndege wa kijani-manjano mwenye uzito wa gramu kumi hivi, ambaye baadhi yao hutoka mpaka Siberia. Hapiti juu yako mchana. Amesafiri usiku, ametua alfajiri, na sasa anakula. Macho yatakuonyesha jani linalotikisika. Sikio ndilo litakalokuambia ni nani anayelitikisa.

Andika kila sauti kwa herufi zako mwenyewe, jinsi wewe ulivyoisikia. Vitabu vina maandishi yao, na programu za simu zinazotambua sauti ni msaada mzuri wa kusahihishia baadaye. Lakini ukianza kwa kuiuliza simu, sikio lako litabaki pale pale msimu baada ya msimu. Tena programu hizo hukosea upepo unapokuwa mkali, na Ngong haukosi upepo. Usicheze sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta ndege. Aliyemaliza usiku mzima angani anahitaji kula na kupumzika, na dakika tano anazopoteza akimtafuta mpinzani asiyekuwapo ni dakika zake za chakula.

Hatua ya tano: Tazama kwa mistari

Kuanzia saa tatu, hewa inapoanza kupanda, jicho linachukua zamu. Anza kwa macho matupu. Pitia upeo wa macho kutoka kaskazini hadi kusini polepole, kisha panda kwa upana wa ngumi moja, rudi kutoka kusini hadi kaskazini, na kadhalika hadi juu ya kichwa. Baada ya hapo rudia mistari ile ile kwa darubini. Simama penye kingo za mawingu, kwa sababu mbele ya weupe wa wingu ndege wa mbali hujitokeza kama doa la wino.

Kwa ndege wa kuwinda, sahau rangi kwanza. Angalia umbo na mwendo. Tai wa nyika ni mzito, mabawa marefu mapana yenye vidole vilivyotawanyika nchani, rangi ya kahawia, na wadogo wao wana mstari mweupe unaopita katikati ya bawa upande wa chini. Tai huyu amekuwa akihesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani tangu 2015, kwa hiyo kila mmoja unayemwandika ana thamani. Shakivale mhamaji ni mdogo kwake, wa kahawia, mara nyingi na ukanda uliopauka kifuani. Usimchanganye na yule mkazi wa tumbo jeupe niliyemtaja. Mwewe hujitambulisha kwa mkia wenye panda anaoupinda huku na huku kama usukani, lakini kwa kuwa tuna mwewe wetu wa mwaka mzima, mmoja peke yake si ushahidi wa uhamaji. Makundi yanayoelekea upande mmoja ndiyo ushahidi.

Kozi wadogo huja kwa makundi Oktoba na Novemba, wakasimama hewani dhidi ya upepo juu ya mteremko wa nyasi, mabawa yakitetemeka, kisha wakadondokea panzi. Mmoja wa jamii hiyo, kozi wa Amur, ana safari isiyofanana na ya wengine: hutoka mashariki ya mbali ya Asia, hupitia India, na huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Afrika Mashariki, akifika Novemba na Desemba. Wengi wao hupita upande wa mashariki wa nchi, na kumwona Ngong ni bahati. Kinyume chake ni korongo mweupe wa Ulaya, ambaye huzunguka kwenye nguzo za joto kwa utulivu mkubwa na ambaye hata mtoto atamwona. (Rafiki yangu niliyempeleka mara ya kwanza nilimwambia, “Tazama, korongo!” naye akatazama chini, kwenye lile korongo la mawe lililokuwa miguuni petu.)

Mbayuwayu na teleka wanahitaji neno moja zaidi, maana wengi wetu huwaita wote mbayuwayu. Mbayuwayu hupiga bawa, huteleza kidogo, hugeuka; teleka ana mabawa membamba kama mundu na mwendo mgumu wa kasi. Teleka wakazi ni wengi Ngong, kwa hiyo hapa pia jiulize wanaelekea wapi kabla ya kuwaita wahamaji.

Hatua ya sita: Hesabu kwa uaminifu

Kundi likitokea, hesabu ndege kumi, ukariri jinsi kumi wanavyojaza sehemu ya lenzi, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho. Ndege wanaozunguka kwenye nguzo ya joto usiwahesabu wakiwa wanazunguka, kwa sababu utamhesabu mmoja mara tatu. Subiri wafike juu na waanze kuteleza kwa mstari, ndipo uwahesabu wanapotoka. Katika msimu wangu wa kwanza niliandika kwa fahari mwewe kumi na mmoja waliopita kwa saa moja. Baadaye nilimwona mwewe mwenye unyoya uliokatika kwenye bawa la kushoto akipita mara ya nne, akirudi kwa nyuma ya kilima kila baada ya robo saa, na ukurasa huo wote nikaufuta.

Mbayuwayu wanaokwenda na kurudi juu ya nyasi wanakula, hawapiti. Waandike kando.

Kila ukurasa uwe na tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mwelekeo wa upepo, kiasi cha mawingu, idadi ya watazamaji, na kwa kila kundi saa, idadi na mwelekeo. Gawanya muda kwa saa moja moja, na saa isiyo na ndege iandikiwe sifuri. Nasisitiza sifuri kwa kuwa ndiyo inayoachwa na wengi: daftari lenye siku nzuri tu haliwezi kulinganishwa na daftari lolote, wala halionyeshi kama ndege wanapungua au kama ni wewe uliyepunguza kwenda. Hesabu zako zinaweza kuingizwa kwenye eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege duniani kote, au kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Kwa anayeanza na asiye na mwenzake, matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kukutana na watu wenye masikio yaliyokomaa.

Hatua ya saba: Usiku, ukiwa chini ya kilima

Sehemu kubwa ya ndege wadogo husafiri usiku. Ushahidi mashuhuri zaidi nchini Kenya uko Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia. Katika usiku usio na mbalamwezi, kati ya Novemba na Desemba, ukungu unapoifunika nyumba ya wageni iliyojengwa kwenye ukingo wa mwinuko, ndege walio safarini hupoteza alama za anga na kuvutwa na taa kwa mamia, wakashuka hadi alfajiri. Bila ukungu, ndege hao hao hupita juu na hakuna anayejua.

Ngong si Ngulia, na sikushauri kukaa mgongoni usiku. Kuna fisi na nyati, na kuna sababu nyingine za kawaida za usalama. Fanya hivi: kama unaishi mjini Ngong, Kiserian au Karen, zima taa zote za nje katika usiku wa ukungu wa Novemba, kaa uani baada ya saa nne, na usikilize kwa nusu saa. Sauti zitakuwa chache, fupi na za juu, na nyingi hutaweza kuzipa jina. Andika saa na idadi tu. Asubuhi yake panda mapema uende moja kwa moja kwenye leleshwa za mteremko wa chini, kwa kuwa walioteremshwa na ukungu watakuwa humo wakila. Kuzima taa kuna faida ya pili, nayo ni kwamba hutakuwa wewe uliyewapotosha.

Hatua ya nane: Usifunge daftari kabla ya Mei

Watazamaji wengi huacha Desemba. Wanakosa Machi na Aprili, ambapo kucha wa msituni, aliyekuwa akiuliza huu-iit tu tangu Oktoba, huanza kuimba wimbo wake kamili unaoteremka, ule ule anaouimba Ulaya, akiwa bado kwenye mgunga wa Ngong. Mbayuwayu wakati huo wamekwisha kubadilisha manyoya. Mikia iliyokuwa imechakaa sasa ina nyuzi mbili ndefu, na mwendo wao juu ya shingo ya kilima huwa wa upande mmoja, kaskazini, bila kuzunguka.

Tarehe ya mbayuwayu wa kwanza ni rahisi kuandika. Ya wa mwisho ni ngumu, kwa sababu siku unayomwona hujui kwamba ndiye. Kwa hiyo endelea kupanda hadi upate safari mbili zilizoachana kwa wiki moja, zote zikiwa na sifuri, ndipo urudi nyuma kwenye daftari na uizungushie duara tarehe iliyotangulia.